Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: dole gumba lisilo na mistari

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Mkurugenzi wa Mashtaka, na Afande Inspekta Jenerali wa Polisi. Nakala kwa Waheshimiwa Wabunge wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: KUWATESA WATUHUMIWA WA UGAIDI, NA MKATABA WA UMOJA WA MATAIFA DHIDI YA MATESO AMBAO HATUJAURIDHIA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni karani wa mahakama mstaafu. Nimekaa masjala na ndani ya chumba cha mahakama miaka 27, nikipanga majalada, nikipokea vielelezo na kutafsiri pale mshtakiwa aliposhindwa Kiswahili. Nawaandikia kwa sababu kuna jambo nimelibeba tangu kazini na sitaki kuondoka nalo duniani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuja mbele yetu shauri la mauaji. Mwenye duka alivamiwa usiku, akapigwa nondo, akafia njiani kabla hajafikishwa hospitali. Wakakamatwa vijana wawili. Ushahidi dhidi yao ulikuwa maelezo ya onyo ya yule wa kwanza, yaani yale anayoandikiwa mtuhumiwa kituoni, kurasa nne za kalamu ya bluu, na zaidi ya hapo hakukuwa na la maana. Wakili wake akapinga yasipokewe, akisema yamepatikana kwa kipigo. Jaji akawaomba wazee wa baraza watoke nje, tukaingia kwenye kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, ya kupima kama maelezo yalitolewa kwa hiari.

Mimi ndiye niliyezishika zile karatasi nikampelekea jaji. Chini ya kila ukurasa palitakiwa pawe na alama ya dole gumba la kulia, maana kijana hakujua kuandika. Alama za dole gumba nimeziona nyingi mno maishani. Hata ikipigwa na mzee wa miaka tisini aliyelima maisha yake yote, alama ina mistari. Hizi hazikuwa nayo. Zilikuwa madoa manne, wino umetapakaa kama mafuta ya maandazi kwenye gazeti. Jaji alizitazama kwa muda, halafu akamwambia kijana ainue mkono. Kucha haikuwepo. Palikuwa na ngozi mpya, laini, inayong'aa, na kidole kimevimba hadi kwenye kifundo.

Kisha akaniambia nisome. Kijana yule Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, ndiyo maana nilikuwa namtafsiria tangu siku ya kwanza. Lakini ndani ya karatasi alikuwa anasema: "Niliambatana na wenzangu hadi eneo la tukio, ambapo tulitekeleza uhalifu huo na kutokomea kusikojulikana. Maelezo haya nimeyatoa kwa hiari yangu bila kushurutishwa na mtu yeyote." Waheshimiwa, mtu aliyekimbia anajua alikokimbilia. Kwake yeye hakuwezi kuwa kusikojulikana. Sentensi ile aliisema aliyeshika kalamu, na dole gumba likakandamizwa chini yake.

Jaji aliyakataa maelezo. Kesi ikakosa mguu wa kusimamia, vijana wakaachiwa. Nilipotoka na majalada kwapani, mjane wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, kitenge amekivuta mpaka machoni. Akaniuliza, "Baba, sasa aliyemuua mume wangu ni nani?" Aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa wa kwanza kupita. Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Nimeanza na shauri ambalo halikuwa la ugaidi, na nimefanya hivyo makusudi. Mjadala wa mateso ukifika kwa magaidi, watu huzungumza kana kwamba tumehamia kwa viumbe wengine na chumba kingine. Chumba ni kile kile, na kalamu ni ile ile ya bluu. Kinachozidi ni hofu yetu sisi tulio nje, na hofu hiyo ndiyo inayotufanya tuseme: wacha wafanye wanachofanya, mradi tulale salama.

Hofu yenyewe naijua. Ijumaa ya Agosti 7, 1998, saa nne na dakika kadhaa asubuhi, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa anafua nguo nyuma ya nyumba aliyokuwa akifanya kazi, jirani na barabara ya Laibon, Oysterbay. Lori lililokuwa limesheheni baruti na mitungi ya gesi lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani. Lilikuwa limezuiwa na boza la maji lililokuwa langoni, na boza hilo ndilo lililobeba sehemu kubwa ya kishindo, la sivyo leo tungehesabu wengine. Watu 11 walikufa pale. Nairobi, dakika hizo hizo, walikufa 213, wengi ndani ya jengo la jirani lililoporomoka, na mamia waliharibiwa macho na vioo kwa sababu walikwenda madirishani kutazama baada ya kusikia mlio wa kwanza. Shemeji alipona na vipande vya kioo mkononi. Miaka mitano baadaye, kipande kimoja kidogo kama punje ya mchele kilitoka chenyewe karibu na kiwiko, alipokuwa anachambua mboga. Alikiweka kwenye kibati cha zamani cha dawa ya viatu, na nadhani bado anacho.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba anayepinga mateso hajui uchungu wa ugaidi, namwambia aje nyumbani kwangu.

Sasa tazameni kilichotokea kwa kesi za mlipuko ule, maana hapo pana somo ambalo nchi yetu, yenye wafu wake ndani ya hesabu hiyo, ingepaswa kulijua kuliko nchi yoyote.

Kundi la kwanza la washtakiwa lilipatikana kwa upelelezi wa kawaida. Kijana mmoja wa Kiarabu aliyekuwa ndani ya lori la Nairobi alikamatwa siku chache baada ya tukio. Maofisa wa FBI, wapelelezi wa Marekani, wakishirikiana na polisi wa Kenya walikaa naye siku baada ya siku wakimuuliza, wakilinganisha majibu yake na walichokiona wenyewe, mpaka uongo wake ukamwishia. Mzanzibari Khalfan Khamis Mohamed, aliyepanga nyumba ya Ilala ambamo bomu la Dar es Salaam liliandaliwa, alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akaelezwa haki zake, akakiri. Kabla maneno yao hayajatumika, jaji wa New York alipitia jinsi walivyohojiwa. Mwezi Mei 2001 washtakiwa wanne walitiwa hatiani kwa makosa yote 302. Wote wakafungwa maisha. Hata hivyo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema wazi kwamba kumkabidhi Khalfan kwa Marekani bila sharti kwamba hatanyongwa kulivunja katiba yao, na hakuna gaidi aliyetoroka kwa sababu ya hukumu hiyo.

Kundi la pili lilikuwa la mtu mmoja, Ahmed Khalfan Ghailani, naye Mzanzibari. Huyu alikamatwa Pakistan Julai 2004, wakati ambapo Marekani ilikuwa imeshabadilisha njia. Hakupelekwa mahakamani. Alifichwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, katika magereza ya siri kwa zaidi ya miaka miwili, akahojiwa kwa zile mbinu zao kali, kisha akatupwa Guantánamo, gereza la jeshi lao huko Cuba. Alipofikishwa New York mwaka 2009, waendesha mashtaka walikuwa na shahidi muhimu, Mtanzania aliyedaiwa kumuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan akauliza: mlimjuaje shahidi huyu? Jibu lilikuwa kwamba wamemjua kutokana na maneno yaliyomtoka Ghailani akiwa mikononi mwa CIA. Shahidi akakataliwa. Novemba 17, 2010, katika makosa 285, yakiwemo ya mauaji ya wafu wote 224 mmoja mmoja, Ghailani alipatikana na hatia katika kosa moja: kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani.

Alifungwa maisha, ndiyo. Lakini kaeni kidogo na jambo hili. Kwa kila jina la mlinzi, mpita njia na mfanyakazi wa ubalozi aliyekufa Laibon siku ile, baraza la mahakama liliulizwa kama mtu huyu ana hatia ya kumuua, na jibu lililoandikwa kwenye jalada ni hapana. Kama mtu mwingine anaona huo ni ushindi wa mbinu kali, mimi namuona yule mjane wa ukumbini, safari hii wakiwa wengi.

Halafu yupo Suleiman Abdallah Salim. Jina lake nalitaja kwa sababu mwenyewe alilipeleka mahakamani mchana kweupe. Ni Mtanzania, mvuvi aliyekuwa amehamia Somalia kutafuta maisha. Machi 2003 alikamatwa Mogadishu na watu wa mbabe wa kivita, akatiwa mikononi mwa Wamarekani, akapitishwa Kenya, akasafirishwa hadi Afghanistan. Huko aliingizwa katika gereza la siri la CIA ambalo yeye analiita Giza. Kwa mujibu wa madai yake, alifungwa minyororo kwenye chumba kisicho na mwanga, muziki ukipigwa kwa sauti ya kupasua masikio mchana na usiku, akimwagiwa maji ya barafu, akibamizwa ukutani, akitundikwa kwa mikono, akifungiwa ndani ya kisanduku, akinyimwa usingizi. Alishikiliwa zaidi ya miaka mitano. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Mwaka 2008 alirudishwa nyumbani na karatasi ya jeshi la Marekani inayosema kwamba ameonekana si tishio.

Ripoti ya Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani, iliyotolewa muhtasari wake Desemba 2014, ilihesabu watu 119 waliopita katika magereza yale. Angalau 26 kati yao hawakustahili kushikiliwa hata kwa vigezo vya CIA yenyewe. Suleiman yumo katika wale 39 ambao ripoti inasema walifanyiwa zile mbinu kali. Mwaka 2015 yeye na wenzake waliwashtaki wanasaikolojia wawili waliozibuni, James Mitchell na Bruce Jessen, ambao kampuni yao ililipwa dola milioni 81. Kesi iliishia kwa makubaliano Agosti 2017, wiki chache kabla ya kusikilizwa. Wanasaikolojia wale walisema ni jambo la kusikitisha kwamba watu hao waliteseka, lakini wakakana kuhusika.

Jioni nilipomsimulia shemeji habari za Suleiman, nilitegemea atasema Mungu anajua. Alinyamaza, akasema, "Kila kofi alilopigwa huyo asiyehusika, mwenye kuhusika alikuwa anapumzika."

Nimesoma mengi tangu wakati ule, kadiri macho yalivyoniruhusu, na sijakuta aliyelisema vizuri kuliko yeye. Angalieni Uingereza. Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili mjini Birmingham, wakafa watu 21. Wanaume sita wa Ireland walikamatwa na kupigwa, wanne kati yao wakasaini maungamo. Walikaa gerezani miaka 16 hadi mwaka 1991 ilipothibitika kwamba hukumu ile haikuwa na msingi. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji yale. Miaka 16 polisi hawakuwa wanawatafuta waliotega, kwa sababu walikuwa na karatasi zilizosainiwa.

Na angalieni Iraq. Ibn al-Shaykh al-Libi, aliyepelekwa Misri kuhojiwa, alisema chini ya mateso kwamba Iraq iliwafundisha al-Qaeda kutumia silaha za kemikali. Februari 5, 2003, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, aliyasema hayo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Al-Libi alikuja kuyakana baadaye: aliwaambia walichotaka kusikia ili kipigo kikome. Wakati huo vita ilikuwa imeshaanza. Nawaza kuhusu yule kijana wangu wa madoa manne. Yeye karatasi yake iliua kesi moja. Hii iliingia katika vita iliyoua watu wasio na idadi.

Kama mtu aliyefanya kazi na maneno maisha yake yote, kuna sehemu moja ya habari ya Wamarekani iliyonikosesha usingizi. Hawakuanza kwa kupiga. Walianza kwa kubadilisha jina. Agosti 2002 wanasheria wa Wizara ya Sheria yao waliandika waraka kwamba maumivu hayahesabiki kuwa mateso mpaka yafikie ukali wa maumivu ya kiungo kushindwa kufanya kazi, au ya kifo. Wakayaita yaliyobaki mbinu za mahojiano zilizoimarishwa. Chini ya jina hilo, mwezi huo huo, mtu mmoja aitwaye Abu Zubaydah alilazwa chali, akafunikwa kitambaa usoni na kumwagiwa maji mpaka ahisi anazama, mara 83. Novemba mwaka huo mahabusu mwingine, Gul Rahman, aliachwa amefungwa mnyororo kwenye sakafu ya saruji akiwa nusu uchi, akafa kwa baridi. Katika nchi ambayo ina kila aina ya wakili, jina tu lilitosha kufungua mlango.

Waheshimiwa, najua swali ambalo mmoja wenu ameshaliandaa, kwa sababu nimeulizwa. Ofisa mmoja mpelelezi, mtu muungwana, aliniuliza tukinywa chai kantini ya mahakama. "Mzee karani, bomu limetegwa Kariakoo. Zimebaki dakika thelathini. Aliyetega nimemkamata, ananicheka. Wewe ungenishika mkono?"

Nikamwambia, "Afande, unajuaje kwamba ndiye?"

"Tuseme najua."

"Na unajuaje zimebaki thelathini?"

"Tuseme najua."

"Basi unajua kila kitu isipokuwa mahali. Na yeye anajua kitu kimoja, kwamba anatakiwa avumilie nusu saa tu. Akikwambia liko Ubungo, utafanyaje?"

Alikaa kimya, akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. Kisha akasema jambo ambalo namheshimu kwalo hadi leo: "Kwa kweli miaka yote hii sijawahi kumpata huyo mtu wa dakika thelathini. Ninaowapata ni wa kusema labda anajua, labda hajui."

Huo ndio ukweli wa kazi yenu, na ofisa wenu aliusema mwenyewe. Mtu wa dakika thelathini anaishi kwenye hoja. Anayeingia chumbani ni mtu wa labda. Sheria ikiandikwa kwa ajili ya yule wa kwanza, inatumika kwa huyu wa pili kila siku.

Sitajificha nyuma ya faida na hasara. Hata kama ingethibitika kwamba kipigo kinaleta ukweli, ningeendelea kuandika barua hii. Mtu aliyefungwa mikono yuko mikononi mwetu. Hawezi kukimbia, hawezi kurudisha kofi. Wazazi wetu, wawe wa msikitini au wa kanisani, walitulea tukijua kwamba aliyelala chini hapigwi. Gaidi amevunja hilo kwa watu waliokuwa wanafua nguo. Tukilivunja na sisi, kwa jina la serikali, kwa mshahara unaotoka kwenye kodi ya shemeji yangu, basi sijui tunamshtaki kwa lipi.

Kuna wakati nchi hii ililijua hilo kwa vitendo. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji wa vikongwe waliotuhumiwa uchawi huko Mwanza na Shinyanga, mahabusu waliteswa na baadhi wakafia mikononi mwa dola. Hawakuwa watuhumiwa wa kosa dogo. Vikongwe walikuwa wakikatwa mapanga. Lakini ilipojulikana, Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye hakumgusa mtu hata kwa kidole, aliandika barua ya kujiuzulu Januari 1977. Mwalimu Nyerere akaikubali. Maofisa waliohusika walifikishwa mahakamani, wakafungwa. Mzee Mwinyi hakufa kisiasa kwa barua ile. Miaka minane baadaye alikuwa Rais. Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kiti unachokikalia kina historia hiyo, na naomba uisome tena.

Ya karibuni yanaumiza. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu kutoka Zanzibar, walishtakiwa kwa ugaidi, wakaeleza mbele ya mahakama kwamba wameteswa na kudhalilishwa, wakakaa mahabusu karibu miaka minane. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alisema hana nia ya kuendelea na shauri. Mwaka huo huo ikaja kesi ya ugaidi ya Mheshimiwa Freeman Mbowe, kiongozi wa upinzani wakati ule, na wenzake watatu. Nchi nzima ilijifunza maana ya kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, kwa sababu mshtakiwa wa pili alidai maelezo yake yalipatikana kwa mateso. Mahakama iliyapokea maelezo. Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akasema tena hana nia ya kuendelea. Sisemi hapa nani alikuwa mkweli. Nasema maswali yale ya mateso yalikuwa ya kiapo, yalisemwa kizimbani, na yaliondoka na jalada. Shauri likifutwa, madai ya mateso nayo hufutwa? Kwa karani, jalada lisilo na jibu huwa halifungwi.

Kibiti, kule mkoa wa Pwani, nayo siisahau. Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa kuviziwa kule Jaribu, na viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine milangoni mwao. Najua askari wanaingia kwenye vyumba vile wakiwa na majina ya wenzao kichwani. Ndiyo maana siwaombi wao wajizuie kwa nguvu za moyo tu. Nawaomba ninyi muweke sheria inayowazuia na kuwalinda.

Ibara ya 13 ya Katiba yetu inasema ni marufuku kwa mtu kuteswa. Ni maneno mazuri na mafupi. Lakini tafuteni katika Kanuni ya Adhabu kosa linaloitwa kutesa, linalomhusu ofisa wa serikali anayemwumiza aliye chini ya ulinzi ili aseme. Mtakuta shambulio, mtakuta kudhuru mwili, makosa yale yale ya watu waliogombana kilabuni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso ulipitishwa Desemba 10, 1984. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini, Somalia, wote wamo. Katika nchi zote wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni sisi peke yetu tuliobaki nje. Mtaniambia Uganda na Kenya wana mkataba na hata sheria zao za kuzuia mateso, na bado watu wanateswa huko. Ni kweli, na inasikitisha. Lakini mwenzao aliyeteswa ana kifungu cha kukishika anapoingia mahakamani. Wa kwetu ana alama mwilini na neno lake.

Na hizo alama, Waheshimiwa, nani anaziandika? Hili nataka mlitazame kwa karibu maana linaonekana dogo. Aliyeumizwa anahitaji PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza, ili jeraha liingie kwenye rekodi. PF3 inatolewa na polisi. Mahabusu aliyeumizwa kituoni anatakiwa aiombe kwenye meza ya kituo hicho hicho. Nimekaa kwenye kesi ndogo nyingi nikisikia wakili wa serikali akiuliza, "Kama kweli ulipigwa, PF3 yako iko wapi?", na mshtakiwa anamtazama asijue aanzie wapi. Daktari asiye wa polisi amwone kila mtuhumiwa wa ugaidi kabla ya mahojiano na baada yake, na karatasi yake iende moja kwa moja mahakamani. Jambo hilo halihitaji hata Bunge. Linahitaji waraka wa wizara mbili.

Sheria ya Ushahidi nayo bado ina kifungu kinachosema ungamo lisikataliwe kwa sababu tu mtu aliahidiwa au alitishwa, isipokuwa mahakama ikiona kwamba ahadi au kitisho hicho kingeweza kumfanya akiri uongo. Yaani mtishe, ila usimtishe mpaka adanganye. Anayepima kipimo hicho ni nani, ndani ya chumba kisicho na dirisha? Kifungu hicho kiondoke. Na mahojiano yote ya makosa ya ugaidi yarekodiwe kwa sauti na picha tangu mlango unapofungwa hadi unapofunguliwa, wakili akiwepo. Waingereza walianza kurekodi baada ya kuaibika. Askari mwadilifu hana cha kupoteza hapo. Nimewaona wapelelezi wazuri wakidhalilishwa kizimbani kwa madai ya uongo ya kipigo, wasiwe na njia ya kujitetea zaidi ya kusema "sikumpiga". Kamera ingewasemea.

Mwisho ni Suleiman. Sijawahi kusikia serikali yetu ikisimama hadharani kuuliza kwa niaba yake. Raia wetu alinyakuliwa nchi jirani, akapitishwa nchi jirani nyingine, akawekwa gizani, akarudishwa na karatasi. Kama yapo mliyoyauliza kwa Washington na kwa Nairobi, tuambieni mliyajibiwaje. Kama hamkuuliza, ulizeni. Na aitwe, kwa hiari yake, mbele ya kamati ya Bunge inayohusika, aketi kwenye kiti kizuri, apewe maji ya kunywa, aseme kwa Kiswahili chake mwenyewe yaliyompata, na karani ayaandike kama alivyoyasema.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Karani wa mahakama mstaafu,
Dar es Salaam